Pima presha kabla ya kununua unga wa nguvu za kiume

Tangazo jingine tena: kijiko kimoja cha unga na heshima ya ndoa inarudi usiku huohuo. Kilichomo ndani hakitajwi, na mnunuzi haulizwi umri wala presha. Tabibu wa ajabu huyu, anatibu asichokipima!

Uume husimama kwa damu. Msisimko ukija, neva hutoa kemikali iitwayo naitriki oksaidi, misuli ya mishipa inalegea, damu inajaa na kubanwa isitoke. Sasa, mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ile ya moyo 3 hadi 4. Mafuta yakianza kujijenga kwenye kuta zake, ipi itabanwa mapema? Ndiyo maana mtu anaweza kulegea leo, kifua kikaja kumbana miaka michache baadaye. Huyo alihitaji kupimwa presha, sukari na lehemu (kolesteroli), aulizwe kuhusu sigara na dawa anazomeza, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha na za sonona hulegeza. Akauziwa unga! Na unga wenyewe, mara nyingi maabara zimeukuta umetiwa sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra, kimyakimya. Anayetumia naitreti (dawa za kutanua mishipa) kwa ajili ya moyo akiulamba, presha inaweza kuporomoka hadi kumuua.

Haya, si kila kulegea ni mishipa. Anayeamka amesimama vizuri alfajiri, kisha anashindwa akiwa na mwenzi wake, huenda anasumbuliwa na hofu, na ushauri nasaha utamfaa. Sindano za testosteroni, homoni ya kiume? Kwanza kipimo cha asubuhi, kirudiwe siku nyingine, kithibitishe kweli iko chini.

Wapo pia wanaolalamika kwamba kidonge cha daktari "hakifanyi kazi". Kilimezwaje? Sildenafili kwa kawaida huanzwa na miligramu 50, saa moja kabla ya tendo, isizidi mara moja kwa siku. Ukiimeza juu ya mlo uliojaa mafuta, inachelewa. Bila msisimko haifanyi kitu, hata ukeshe unaisubiri. Ijaribiwe siku tofauti, mara 6 hadi 8, ndipo daktari abadilishe dozi au dawa. Tadalafili, dawa nyingine ya kundi hilohilo, haijali chakula, na hudumu hadi saa 36.

Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulegea, nenda hospitali usiku huohuo. Damu iliyonasa mle haina oksijeni, na ukisubiri kukuche, tishu zitakuwa zimeanza kufa.