Msimbazi: mita 60 zinapimwa kutoka wapi?

Tangu mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu wapatao 40 Dar es Salaam, swali la Bonde la Msimbazi halijabadilika: wakazi wa Jangwani, Kigogo na Hananasif wahamishwe, au bonde litengenezwe na wao wakiwemo?

Wanaotaka wahame wana hoja nzito. Mto unashuka kutoka vilima vya Pugu na kila mvua kubwa unabeba mchanga na taka. Mchanga unatua pale maji yanapopunguza kasi, Jangwani, kabla ya Daraja la Salenda. Kina kinapungua, makalavati yanaziba, maji yanaingia vyumbani. Tazama milango ya huko: kizingiti cha matofali mawili matatu, viroba vya mchanga, tundu la kutolea maji nyuma ya nyumba. Vinafaa maji yakiishia kwenye kifundo cha mguu. Yakifika kiunoni, kizingiti kinayazuia kutoka, na ukuta wa mmoja unayasukuma kwa jirani. Nyumba iliyo chini kabisa bondeni haiokolewi na ufundi.

Kuhama ni lazima, basi, lakini jambo hilo tumelifanya vibaya. Baada ya 2011 waathirika walipewa viwanja Mabwepande, kama kilomita 30 kutoka Kariakoo. Mbeba mizigo na mama lishe, ambao riziki yao inaanza alfajiri, kiwanja cha mbali hakiwalishi. Baadhi waliuza wakarudi. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama nyekundu za X, kisha tingatinga. Bonde lenyewe halikupewa kazi nyingine, na ardhi tupu karibu na mjini haikai tupu.

Msingi wa bomoabomoa ulikuwa kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: hakuna shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini ukingo wa Msimbazi hautulii. Huku unaliwa, kule unajengwa na mchanga. Nyumba iliyo mita 40 kutoka mtoni, ukingo ukiwa mrefu, inaweza kubaki kavu, na ya mita 150 kwenye ardhi ya chini ikazama. Mpaka wa haki unafuata mwinuko wa ardhi na kimo cha maji ya mvua kubwa, na nguzo zake zisimikwe kabla mthamini hajafika.

Mradi wa sasa, ambao Benki ya Dunia, mfadhili wake mkuu, imeukopesha dola milioni 200, unalenga kuchimba na kupanua mto, kutumia udongo wake kuinua kingo, na kugeuza bonde kuwa bustani ya jiji. Hapo naunga mkono: hatimaye ardhi inapewa kazi. Ila mchanga utarudi, na mitego ya kuunasa huko juu isipozolewa kabla ya kila masika, kina kitapotea. Kazi hiyo inataka fungu la kila mwaka la bajeti, maana fedha za mradi zina mwisho.

Linaloniuma zaidi ni la mpangaji, ambaye hana jengo la kuthaminiwa. Apewe kodi ya miezi kadhaa mkononi, na vyumba vya bei nafuu vijengwe mahali ambapo daladala moja inamfikisha kazini. Nyumba ya vyumba sita ikivunjwa, anayesaini fidia ya jengo ni mwenye nyumba peke yake. Familia zilizopanga zinatafuta chumba cha bei ile ile jioni hiyo hiyo, na kwa bei hiyo kinachopatikana kiko kando ya mto mwingine.