Mzee, Una Chuma Mwilini?

Eti "kazi yenu ni kubonyeza kitufe tu." Imesemwa leo, saa moja na nusu asubuhi, na mtu aliyekuja na kikombe chake cha kahawa kuomba mgonjwa wake atangulizwe. Ameisema anatabasamu, kama ananipongeza. Haya. Tubonyeze kitufe, tuone.

Kwa heshima na taadhima, naomba ieleweke kwamba mpiga picha za eksirei na MRI (ile mashine ya picha inayotumia sumaku) kwenye kliniki ya askari wastaafu wa Marekani ni mtu mwenye vyeti viwili, na kila miaka miwili anadaiwa krediti 24 za masomo ili vyeti hivyo visife. Kitufe kipo, sikatai. Lakini kiko mwisho wa safari, na mwanzo wa safari kuna fomu.

Fomu ya MRI mnaijua. Una betri ya moyo? Kibanio cha mshipa kichwani? Kifaa kilichopandikizwa sikioni? Pampu ya insulini? Risasi, vipande vya bomu? Umewahi kuingiwa na chuma jichoni? Mzee anapokea kalamu, anatia alama ya "hapana" kwenye swali la kwanza, kisha anauvuta mstari mmoja mnyoofu mpaka chini kama fundi anayepima dari, anatia sahihi, anarudisha. Hata wino haujakauka. Huyo ni mtu aliyepigana Vietnam. Katika maisha yake hakuwahi kupita karibu na chuma, alikuwa akitembea kwenye bustani ya maua.

Sasa ni kumuuliza upya kwa mdomo, na kwa mdomo maana yake ni kwa kelele. Mlio wa masikioni ndio ulemavu unaowalipa fidia askari wastaafu wengi kuliko mwingine wowote nchini hapa. Kwa hiyo swali la siri kuhusu mpira wa mkojo linaulizwa kwa sauti ya mnadani, na sebule nzima inageuka kusikiliza jibu.

"Mzee, una chuma mwilini?"

"Hapana, kijana."

"Mifukoni?"

"Hapana."

"Na hicho?"

"Hiki? Hiki ni kisu."

Kosa langu. Niliuliza chuma, sikuuliza kisu. Baada ya kisu zinafuata funguo, kiberiti cha gesi, sarafu, na pochi yenye kadi za benki ambazo sumaku ingezifuta akarudi nyumbani hana hata ya kujazia mafuta. Halafu mkanda, wenye bizimu kubwa kama kisosi. Halafu kofia ya meli yake, iliyochomekwa beji mpaka inainama upande mmoja.

Shingoni kuna vile vibati viwili vya jina vya jeshini. "Hivi sijavivua tangu 1968." Hapo unanywea. Huwezi kumfokea mtu kwa hilo. Anavivua polepole, anampa mkewe, mkewe anavifumbata kiganjani na kukutazama wewe kama umemvua mumewe nguo hadharani.

Twende gotini. Soksi ya kubana yenye nyuzi za shaba, kainunua kwa tangazo la televisheni saa nane za usiku. Shaba haivutwi na sumaku, na mzee analijua hilo kuliko mimi, ananifundisha. Asichokijua ni kwamba mashine hii inarusha pia mawimbi ya redio, na mawimbi hayo huzipasha moto nyuzi za shaba na fedha kwenye nguo. Watu wameshaungua ngozi hivyo. Begani kuna kibandiko cha dawa ya kuacha sigara, na baadhi ya vibandiko vina utando wa alumini kwa nyuma ambao nao hupata moto. Mkononi kuna kidude cha kupima sukari. Viko vinavyoruhusiwa kuingia na viko visivyoruhusiwa. Chake hakiruhusiwi, na kimebandikwa jana jioni. Kiunoni kuna mkanda wa mgongo wenye mapau ya chuma. Mkanda huo katoa nani? Kliniki hii hii.

Haya, amevaa gauni la hospitali. Mmefika mlangoni kwa sumaku. Mlango huu sijui una dawa gani, kwa sababu ni hapa tu ambapo kumbukumbu za watu hurudi.

"Kwani na kile kipande cha bomu mnakihesabu?"

"Kipande kipi, mzee?"

"Cha mgongoni. Kina miaka zaidi ya hamsini, hakijanisumbua hata siku moja."

Hakijakusumbua kwa sababu hujakipeleka kwenye sumaku ya tesla 1.5, baba yangu. Hiyo ni nguvu ya sumaku ya dunia mara 30,000 hivi, na haizimwi. Haizimwi usiku, haizimwi Jumapili, haizimwi Krismasi, haizimwi tukifunga mlango na kwenda kulala. Waya zake zimelala ndani ya heliamu ya maji yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na umeme unazunguka humo hautaki ruhusa ya mtu. Kipande cha feleji kilichokaa ndani ya nyama nusu karne kwa kawaida kimeshafungwa na kovu, hakitoki mbio. Lakini kikiwa jirani na uti wa mgongo, jicho au mshipa mkubwa, kikigeuka milimita mbili tu tumekwisha. Na risasi je? Risasi iliyotengenezwa kwa risasi tupu haina ugomvi na sumaku (hapo Kiswahili kimetunyima maneno, tuvumiliane). Zenye ugomvi ni zile za kijeshi zilizotiwa feleji ndani.

Basi, rudi eksirei. Piga mgongo, ya mbele na ya ubavu, kipande kionekane kiko wapi. Njiani, kwenye korido, mzee anapiga soga kwamba baada ya vita alikuwa mchomeleaji kwenye kiwanda cha meli kwa miaka mingi.

"Mbona kwenye swali la chuma jichoni umejibu hapana?"

"Kwani fomu haikuuliza kuhusu vita?"

Haijauliza kuhusu vita. Ameweka mkono kifuani kabisa, ananionea huruma. Mchomeleaji huweza kurukiwa na chembe za chuma machoni, basi ongeza picha mbili za macho: moja akitazama juu, moja akitazama chini. Kinukta cheupe kikihama pamoja na jicho, kimo jichoni, na MRI leo hakuna. Kisipohama, pengine ni vumbi kwenye sahani ya picha, unafuta na kurudia. Kilikuwa vumbi. Alhamdulillahi.

"Aa, na moyoni walinitia kile kispringi."

Stenti! Stenti nyingi hazina tabu, ila siwezi kumwandikia daktari wa radiolojia kwamba "mzee anasema haina tabu." Nataka kadi yake yenye kampuni na modeli. Kila kifaa kina hukumu yake: mraba wa kijani kinaingia, pembetatu ya njano kinaingia kwa masharti, duara jekundu lililokatwa mstari hakikanyagi. Kadi iko wapi? Kwenye droo. Droo iko wapi? Florida, kwa mke wa kwanza. Mke wa pili, aliyefumbata vibati, anatazama dari. Basi ni kupigia simu hospitali aliyofanyiwa, nao watatuma kwa faksi. Faksi, jamani. Bado zipo, na zimekosa karatasi.

Saa moja na dakika arobaini zimepita. Nafasi yake kwenye ratiba ilikuwa dakika 30. Sebuleni wamekaa watatu wenye mistari yao minyoofu ya "hapana," wanaangalia saa na kunong'ona kwamba vijana wa siku hizi wavivu.

Daktari wa radiolojia karidhia. Mzee analazwa.

"Siwezi kulala chali, mgongo unauma."

Ndiyo, mzee, mgongo ndio uliokuleta. Unamwekea mto chini ya magoti ili kiuno kishuke. Unamtia vizibo masikioni na spika za kichwani juu yake, maana ngurumo ya ndani inapita desibeli 100. Unapitisha waya za koili, yaani antena ya kunasa picha, zisijikunje wala zisimguse ngozi. Unamwambia asishikanishe mikono wala asipandanishe miguu, kwa kuwa mwili ukifanya duara umeme hupata njia ya kuzunguka, na ngozi huungua pale inapogusana. Anaitikia vizuri sana. Ukigeuka tu, kashikanisha vidole tumboni kama padri anayengoja wimbo uishe.

Mwisho unampa mpira wa kengele mkononi. Sikilizeni basi nyie wa vitufe: kitufe kinachobonyezwa kwa bidii kwenye kazi hii ni hicho, na mbonyezaji ni yeye. Anabonyeza kuuliza kama tumeanza. Anabonyeza kusema tundu ni dogo. Kweli, sentimita 60, na yeye mabega kayaleta yote. Anabonyeza kusema mlio huu unamkumbusha kitu asichopenda, na hapo unasimamisha, unamtoa, unakaa naye, ratiba ikale nyasi. Anabonyeza kwenda chooni. Anabonyeza kwenda chooni tena.

Kisha unakuja ule mfululizo wa dakika nne. Dakika ya kwanza, jiwe. Ya pili, jiwe. Ya tatu na sekunde hamsini, anakohoa. Msiseme "si sekunde kumi tu zimeharibika." Picha ya MRI haijengwi kama ukuta, tofali baada ya tofali, useme bomoa tofali la juu. Kila mstari wa data umebeba habari za picha nzima, kwa hiyo kikohozi kimoja cha mwishoni kinapaka ukungu pingili zote. Rudia.

"Mzee, usijitikise!"

Mashine zake za masikio ziko kabatini.

"UNASEMAJE?" Na anainua kichwa ili asikie vizuri.

Tulipomaliza kauliza nimeona nini. Hatusemi, anayesoma ni daktari wa radiolojia. "Lakini uso wako unaonyesha umeona kitu." Ni njaa, mzee wangu. Ilikuwa saa saba. Kaanza na hadithi ya nauli wanayorudishiwa wastaafu wakija kliniki, senti 41.5 kwa maili, kiwango kilichoanza 2008, kana kwamba ni mimi niliyekiweka.

Huyo ni mmoja. Upande wa eksirei kuna mambo mengine madogo madogo. Kuna oda imeandikwa goti la kushoto, sababu: maumivu ya bega la kulia. Kuna siku za vipimo vya fidia, mabega mawili, magoti mawili yapigwe amesimama, vifundo viwili, shingo, kiuno. Hizo ni picha 24 kwenye nafasi ya dakika 15, kwa mtu anayehitaji dakika nne kufungua kamba za viatu. Kuna vifua, ambavyo vimeongezeka tangu sheria ya PACT ya Agosti 2022 iwafungulie mlango wa matibabu na fidia waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan, unasimamisha mtu sentimita 180 kutoka kwenye mashine, unasema vuta pumzi, shikilia, naye anavuta, anashikilia, anauliza "mpaka lini?" Kuna kadi ya kuingilia kompyuta: ukiichomoa umefungiwa nje ya programu, ukiisahau umefungiwa nje ya mlango. Na programu yenyewe ni ya enzi za kaseti.

Kuna msafishaji mgeni na ndoo yake ya magurudumu. Kuna mlinzi mwenye bastola anayetaka "kuchungulia tu." Mwaka 2000 huko New York bastola ya polisi ilimponyoka mkononi ikaruka kwenye sumaku na kujifyatua yenyewe ukutani. Nimemsimulia mlinzi. Kasema ya kwake ina kizuizi. Na ile nayo ilikuwa nacho.

Nyumbani ndiyo basi kabisa. Ukoo mzima unajua mtoto wao yuko Marekani anapiga picha. Shangazi kauliza kama harusi nazo napiga. Nikasema napiga mifupa. Akanyamaza, halafu akasema mchango wa harusi hata hivyo uko palepale. Na tangu hapo kila mwenye eksirei ananitumia kwa simu, niwasomee, nami si msomaji, nishasema mara ngapi. Sasa hivi imeingia ya binamu. Goti. Kaishika filamu dirishani, imegeuzwa juu chini, na nyuma yake pazia lenye maua makubwa mekundu, ua moja limetua sawasawa pale penye kifuniko cha goti.

Nimemjibu pazia ni zuri. Kauliza, "Kwa hiyo nikapasuliwe?"