Sina Mgonjwa, Nina Datsun

Bomba jembamba kuliko yote mjini usilitafute Gerezani kwa wauza vyuma. Nenda famasi. Sindano yenye kitako cha kijani, namba 21, ina unene wa milimita 0.82 kwa nje. Ya buluu, namba 23, ni 0.64. Ya rangi ya chungwa, namba 25, ni 0.51, na ya kijivu, namba 27, ni 0.41. Rangi hizo ni za kiwango cha kimataifa, kwa hiyo huhitaji hata kusoma boksi. Chuma chake hakishiki kutu, kimenyooka, na tundu lake liko katikati sawasawa. Anayetengeneza injini ya gari la modeli kwa kipimo cha 1/24 anazidisha namba hizo kwa 24 na kuanza kutabasamu: ya kijani inakuwa bomba la milimita 20 hivi, la maji ya hita, ya kijivu inakaribia 10, na ile ya namba 30, yenye unene wa 0.31, inakuwa bomba la petroli lisilo na dosari.

Ugumu uko kaunta.

"Nipe ishirini za kijani, ishirini za buluu na kumi za kijivu."

"Na mabomba yake?"

"Mabomba natengeneza mwenyewe."

Dada wa famasi akaacha kuhesabu. "Una mgonjwa nyumbani, kaka?"

"Sina mgonjwa, nina Datsun."

Aliniuzia, ila chenji aliiweka kaunta, hakunipa mkononi.

Datsun yenyewe ni 240Z, nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 mlangoni: ile iliyowapa Edgar Herrmann na Hans Schüller ushindi wa mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Modeli ya plastiki niliyokuwa nayo ilikuja na boneti iliyoungana na bodi, na chini yake hewa tupu. Boneti ikikatwa tu, mtu anajikuta anadaiwa injini nzima: L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2393, na kila bomba linaloingia na kutoka humo. Plastiki ukiifanya nyembamba kiasi hicho inapinda yenyewe kwa joto la Dar. Ndiyo maana ya sindano.

Kitako unakitoa kwa moto. Kiberiti cha gesi kwa sekunde chache, gundi ya ndani inalainika, sindano unaivuta kwa plaizi. Chumba kinanuka plastiki, lakini chuma kinatoka kizima. Kukata ni habari nyingine. Ukikata kwa plaizi mdomo unabanika na tundu linakufa. Ingiza kwanza waya wa gitaa: wa inchi 0.017, yaani milimita 0.43, unapita ndani ya sindano ya kijani ambayo tundu lake ni 0.51. Kisha iviringishe sindano chini ya ukingo wa tupa ya pembe tatu mpaka mkwaruzo uzunguke wote, halafu vunja. Ncha kali zinavunjwa kabla ya kazi nyingine yoyote na kuingia kwenye chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, maana hizo hazina mzaha.

Vitako havina makali, vinakwenda kwenye mfuko wa taka. Na mfuko wa taka, katika nyumba yenye wapangaji sita, una mwenyewe: paka. Usiku mmoja aliupasua akitafuta vichwa vya dagaa, na asubuhi uwanja mzima ulikuwa umepambwa kwa vitako vya sindano, kijani, buluu, chungwa, kijivu. Aliyekuwa na zamu ya kufagia ni mama mwenye nyumba.

Saa tatu usiku nikasikia hodi ambayo haikusubiri karibu. Akaingia balozi wa nyumba kumi, mama mwenye nyumba nyuma yake, na vijana wawili wa ulinzi shirikishi wenye virungu.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Kaa mbali na hiyo meza."

Nikaitazama meza kwa macho yao. Kulikuwa na kijiko kilichoungua chini. Kibatari cha spiriti. Nyembe. Vipande vya bati jepesi vyenye weusi wa moto. Mizani ndogo ya kielektroniki inayosoma mpaka gramu 0.01. Vipakiti vya nailoni vya saizi ya kucha, kila kimoja na maandishi yake. Na mitungi mitatu ya unga mweupe. Kusema kweli, hata mimi ningeingia chumba kile ningejikamata.

Balozi alianza na kijiko. Ndani yake mna vumbi la shaba ya manjano, lile linalodondoka kwenye tupa. Bomba la ekzosi lililokwisha kukatwa unalilaza juu ya vumbi hilo na kuwasha kibatari chini ya kijiko. Vumbi linasambaza joto polepole na kwa usawa, chuma kinageuka rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na mwisho buluu, kama ekzosi ya gari lililotoka kupanda mlima. Ukilishika bomba moja kwa moja kwenye moto, upande mmoja unafika buluu wakati mwingine bado mweupe, na rangi hairudi nyuma mpaka uisugue upya.

"Kwa hiyo unapika," akasema balozi.

"Natia rangi kwa moto, balozi."

"Andika: anapika," akamwambia kijana mmoja.

Vile vipande vyeusi ni vya kopo la soda, vya kutengenezea mikanda ya kushikilia rejeta. Alumini hiyo ni ngumu, ukiikunja inapasuka kwenye kona, sharti uilainishe kwa joto. Lakini alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Unaitazama imetulia, ghafla ni tone. Kwa hiyo unaipaka sabuni ya kufulia na kuipasha. Sabuni ikiwa nyeusi, ondoa moto, kazi imekwisha. Balozi akanusa. "Sabuni," akakiri, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa ushahidi.

Mizani haikumridhisha. Nikamwambia ni ya gundi ya epoksi, kwamba ukichanganya kidogo sana huwezi kukisia kwa macho, na kigumishi kikipungua gundi inabaki inanata mpaka mwaka ujao. Hakunisikiliza, alikwishafika kwenye vipakiti. Kimoja kiliandikwa "K10 – 24", kingine "K13 – 12".

"Hizi kete ni bei gani?"

"Si kete, ni bolti. K10 ni za spana namba kumi."

Akakitikisa kipakiti karibu na taa. Ndani kilionekana kivuli cha vumbi linalong'aa. Mama mwenye nyumba akaanza kulia kidogo kidogo, akisema alinichukulia kama mwanawe.

Ukaja unga. Balozi, kama wapelelezi wote wa kwenye luninga, aliamini unga hupimwa kwa ulimi. Mtungi wa kwanza ulikuwa na chumvi ya ndimu, ile ya madukani ya viungo. Ukiiyeyusha katika maji ya moto ukatumbukiza shaba iliyotoka kulehemiwa, weusi wote unaondoka. Akachovya kidole, akalamba, na uso wake wote ukakusanyika katikati. Kabla sijasema neno, akakimbilia mtungi wa pili kusafisha ulimi. Wa pili una magadi soda. Hiyo ni kwa ajili ya supagluu: unanyunyiza kwenye ufa, unadondosha gundi, inaganda papo hapo na kuwa ngumu kiasi cha kupigwa tupa na kutobolewa.

Magadi na chumvi ya ndimu vikikutana na mate vinachemka. Povu likamtoka balozi pembe zote mbili za mdomo.

"Anakufa!" mama mwenye nyumba akapiga ukelele. "Balozi kazidisha!"

Kijana mmoja akamlaza chini, mwingine akanielekezea kirungu. Balozi akakohoa, akatema, akainuka akiwa na hasira mpya, akanyosha mkono kwenye mtungi wa tatu.

"Huo usionje, balozi. Huo ni sumu."

Kimya. Kisha balozi akafuta povu na kusema, kwa furaha kabisa, "Kumbe ndio wenyewe."

Ulikuwa na boraksi, unga wa kusaidia chuma kushika lehemu. Nilipoitaja, mama mwenye nyumba akakumbuka kwamba mzee sonara wa mtaa wa pili huwa nayo, akatumwa kijana kumwita. Mzee akaja na msuli wake na lenzi yake ya jicho, akatia chembe za unga ule juu ya kipande cha mkaa na kuzielekezea kichomeo changu cha gesi. Unga ukavimba, ukanywea, ukawa tone la kioo safi.

"Tenkari hii," akasema. "Nimeishika miaka yote ya ujana wangu. Kama ni kosa, nifungeni na mimi."

Nilidhani yamekwisha. Kumbe mzee alikuwa amekwisha kuliona bomba langu la maji, lile la sindano mbili zilizoungwa kwa pembe, akaliweka chini ya lenzi na kuanza kesi ya pili.

"Lehemu imejaa mpaka imetengeneza goti. Ulipasha lehemu badala ya kupasha chuma?"

Nikamweleza kwamba chuma cha sindano hakipokei lehemu kwa utomvu wa mafundi redio. Kinataka asidi, na baada ya hapo kuoshwa kwa maji ya magadi, la sivyo kesho kutwa shaba iliyo jirani inaota kijani. Akasema hilo analijua. Alichotaka kujua ni kwa nini sikupaka penseli mahali ambapo lehemu haitakiwi kufika. Lehemu haishiki palipochorwa kwa penseli, na ukiusugua kwa penseli pia ule waya wa gitaa uliomo ndani, tundu halizibi na waya unatoka bila kugombana. Balozi akauliza kama hayo ni makosa ya jinai. Mzee akasema yangepaswa kuwa.

Kisha akataka kuona bolti inavyotengenezwa, maana pembe sita kwenye kitu kidogo hivyo hakuziamini. Hapo nilikuwa kwangu. Waya wa shaba ya manjano wenye unene wa milimita 0.5 unabanwa kwenye kishikio kidogo cha biti, na kishikio chenyewe nimekigandisha ndani ya nati kubwa ya pembe sita. Unailaza nati juu ya bamba tambarare kwa ubavu wake wa kwanza, unapitisha tupa laini kabisa bila kukandamiza, unageuza ubavu wa pili, hivyo hivyo mpaka sita. Kila ubavu unaondoa milimita 0.033 tu. Kinachobaki kina upana wa 0.43, na mara 24 ni milimita 10 na ushee: kichwa cha bolti ya M6, yaani yenye unene wa milimita 6. Tupa ipakwe chaki kwanza, isizibwe na shaba ikaanza kuchana. Ukikandamiza, waya unapinda na unapata pembe tano na majuto.

Mzee akaridhika. Balozi, ambaye sasa alitaka na yeye aone, akavaa lenzi, akainama mpaka pua ikagusa kibano, akaiona bolti, akashangaa. Alishangaa kwa pumzi.

Bolti ikatoweka.

"Isitoke mtu!" balozi akaamuru. "Hiyo ni kidhibiti!"

Kijana akaleta sumaku ya spika. Nikamwambia shaba haishikwi na sumaku. Njia ni moja, kuzima taa ya juu na kulaza tochi sakafuni ili mwanga upite chini kabisa. Hata punje ya mchanga inatoa kivuli kirefu. Basi tukawa watu sita kwenye chumba kimoja, usiku, taa imezimwa, kila mtu kwa magoti na mikono, simu zinamulika chini ya kitanda. Mama mwenye nyumba akafika nyuma ya kabati, akaona kebo yangu, akaifuata mpaka kwenye chuma cha kulehemia.

"Kumbe uniti za LUKU zinaishia huku!"

Nikamwambia ni cha wati 40, saa nzima kinakula uniti 0.04. Akasema nyumba yake haikujengwa iwe kiwanda, na kodi ya kiwanda si kodi ya chumba.

Dirishani vichwa vilikuwa vimekwisha kujaa. Mtaa mzima ulijua kuna msako. Sasa ulikuwa unamwona balozi akitambaa gizani akinusa sakafu. Mzee sonara ndiye aliyeiona, kwa mwanga wa tochi ya kijana. Akamshika balozi kidevu, akamwambia atulie, akaingiza kibano kwenye masharubu yake na kuitoa.

"Wameipata?" mtu akauliza nje.

"Wameipata," akajibiwa. "Balozi alikuwa nayo kwenye masharubu!"

Kulipokucha habari zilikuwa zimefika sokoni na kurudi zikiwa zimenenepa. Balozi akaja kwangu mapema, peke yake, akabisha hodi ya kiungwana na kungoja nimkaribishe. Alitaka barua ya kusoma kwenye mkutano wa mtaa, inayoeleza kwa ukamilifu kitu gani kilitolewa masharubuni mwake. Nikaandika: bolti moja ya modeli, shaba ya manjano, pembe sita, upana milimita 0.43. Akaisoma mara mbili, akanirudishia na kalamu.

"Kwa saizi hii watasema ni unga. Andika hata tano."