Si Lazima Iwe Twiga

Mpwa wangu wa gredi ya nne amerudishiwa kolaji yake na kalamu nyekundu pembeni: "Hii ni nini? Rudia." Vipande vya gazeti, mfuko wa unga na kalenda ya zamani, vyote vimebandikwa kwenye manila vikiwa havifanani na kitu chochote. Wenzake walipeleka twiga. Twiga wazuri kweli, waliokatwa na mikono ya watu wazima, maana sote tunajua nani hufanya kazi za CBC, huu mtaala wetu wa umilisi, usiku mtoto akiwa amelala.

Nimekasirika. Mtaala wenyewe una umilisi 7, ubunifu ukiwemo. Sasa mtoto akibuni, anaulizwa huyu ni mnyama gani.

Mimi pia hubandika karatasi, mezani jikoni, na sijawahi kuanza nikijua nitamaliza na nini. Makasi nimeyaacha. Ukirarua gazeti kwa urefu, linakwenda karibu moja kwa moja; lirarue kwa upana uone litakavyokupeleka linakotaka. Jarida la karatasi ya kung'aa huacha ukingo mweupe, na ukingo huo utabaki kwenye kipande hiki au kile kutegemea umevuta upande gani. Weupe ule hakuna aliyeuchora, na mara nyingi ndio mstari mzuri kuliko yote. Halafu gundi. Ninayopika ya unga wa ngano huilowesha karatasi, inatanuka, inajikunja, inafanya mapovu, na ikikauka inaipinda manila nzima. Juzi stima ilipotea nikiwa katikati, nikaendelea kwa kupapasa. Asubuhi nikakuta buluu ya pakiti ya chumvi imelalia tangazo la kifo. Nikiwa na akili zangu nisingethubutu, na sasa sithubutu kuibandua.

Hata ningetaka, haibanduki. Kwenye simu ukikosea unabonyeza, kosa linafutika. Gundi ikishakauka hakuna kurudi nyuma, kuna kubandika juu tu, na cha chini hakiendi popote. Pitisha kidole utakisikia. Ndiyo maana naona mtoto anayebandika bila kujua mwisho wake anafanya kazi ngumu kuliko wa twiga. Wa twiga anajua shingo inakaa wapi. Huyu kila kipande anaamua upya, na uamuzi wa jana hauondoki, lazima ashughulike nao.

Nenda River Road, hapa Nairobi, utazame kuta. Bango la mwaniaji wa uchaguzi wa 2022, juu yake la mganga, juu ya mganga la krusedi ya injili, mvua ikinyesha kona inabanduka na jicho la mheshimiwa linachungulia. Wasanii Wafaransa Raymond Hains na Jacques Villeglé walianza kubandua mabango ya namna hiyo Paris mwaka 1949, yakaishia kwenye majumba ya sanaa. Hapa kwetu ni uchafu. (Haya, ni uchafu pia. Askari wa kanjo msinijie.)

Msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi hii hii, 1972, amekata majarida akaunganisha wanawake wasiofanana na mwanamke yeyote aliye hai. Sijui angepata alama ngapi.

Nakubali, shingo upande, kwamba si kila fujo ni sanaa. Hata ile kolaji ya msanii Hans Arp ya 1916–17, ambayo jina lake linasema miraba imepangwa kwa kanuni za bahati, ukiitazama vizuri miraba imekaa kwa adabu mno. Bahati ilisaidiwa. Na najua mwalimu ana darasa lililofurika na fomu za kujaza.

Wale wa warsha za Jumamosi za "kukumbatia kasoro zako", mvinyo na mishumaa ndani ya bei, nawatakia heri. Ukilipia kasoro pesa zote hizo, utataka itoke vizuri.

Lakini walimu wetu, kama alama ni lazima, kuna swali lingine la kuuliza. Ulizeni kipande kipi kilitangulia, kipi kilifunikwa, na kwa nini. Aliyebandika mwenyewe atawajibu mpaka mchoke. Aliyefanyiwa atasema ngoja akaulize nyumbani.