Mnanaa wako haujafa, usiutupe

Jumapili ile ya mwisho wa Oktoba, saa za hapa London ziliporudishwa nyuma, nilishuka kutupa taka, nikakuta vyungu vitatu vya mnanaa vimelazwa juu ya pipa. Mashina makavu, majani meusi, udongo umelowa chepechepe. Nilishindwa kupita. Nikatia kidole kwenye udongo wa kile cha mbele, nikavuta mzizi mmoja katika ile inayotambaa: mweupe, mnene kama kijiti cha kiberiti, ncha yake ina wekundu kidogo. Nilipoukata kwa ukucha ukatoa maji, na harufu ileile ya chai ya nyumbani. Mmea mzima, hai, unakwenda jalalani!

Mwenyewe alikuwa dada wa jengo letu, mtu wa Tanga. "Dada, huo si umeshakufa?" akaniuliza. Nikampa ule mzizi anuse. Akanyamaza.

Jambo hili huniuma kila mwaka hapa London, na sisi tuliotoka pwani ndio tunaongoza. Sababu naijua. Kwetu mmea ukikauka namna hiyo basi umekwisha, na vuli kwetu ni mvua, ni wakati wa kuotesha. Huku vuli ni majani kupukutika, na mnanaa nao hufuata mkumbo: umande ukianza kuganda, sehemu ya juu hunyauka, uhai wote unabaki chini kwenye mizizi. Hauumwi. Umelala.

Halafu kuna wanaouonea huruma wakaukimbiza ndani. Nami nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Niliuweka dirishani, juu ya hita, nikaumwagilia kila asubuhi. Sasa fikiria: mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana wa huku haufiki muda wa saa 8, wakati Unguja ni kama saa 12 mwaka mzima. Joto linauamsha mmea ukue, mwanga wa kukulia haupo. Ukatoa vishina virefu, vyembamba, vimepauka. Majani yakaingia vidoadoa vya manjano, na kwa chini utando mwembamba wa utitiri, wadudu wanaostawi kwenye hewa kavu ya hita. Kufika Januari hakukuwa na kitu. Baridi haikuugusa hata siku moja. Niliuua mimi, kwa joto na maji.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaomba: uacheni nje. Kata mashina yabaki kama sentimita 3. Sogeza chungu kiegemee ukuta wa nyumba, kiweke juu ya matofali mawili ili maji yapate njia ya kutoka. Udongo wa chunguni huganda upesi kuliko wa ardhini, kwa kuwa baridi inauingia pande zote, ndiyo maana changu nakizungushia gunia. Maji ni pale tu udongo ukikauka mpaka ndani. Mbolea hapana, mpaka majira yageuke. Ukiona vidoa vya rangi ya machungwa chini ya majani, hiyo ni kutu, ugonjwa wa mmea: kata yote utie kwenye taka, usiipeleke kwenye mboji.

Wenzetu wa Minneapolis, kule Marekani, mtaniambia nyuzi 20 chini ya sifuri si za kuchezea. Haya, nakubali, chungu kiingie gereji. Gereji isiyo na hita, si sebuleni. Na anayetaka majani ya chai ya Januari achimbe kipande cha mzizi mwezi wa Septemba, akipande kwenye kopo, aliweke dirisha lenye mwanga katika chumba chenye ubaridi kuliko vyote. Atapata majani machache. Ila chungu kikubwa kibaki nje.

Mbona nalishikilia hivi? Mnanaa wangu ulianza na kijiti kimoja alichonipa shangazi, kikiwa ndani ya glasi ya maji, kimeshatoa vizizi vyeupe. Shangazi ametangulia mbele ya haki. Mnanaa wake umepita baridi 9 kwenye roshani yangu, na kila Machi nauona ukichomoza tena, vichipukizi vya zambarau vidogo kama punje za mchele. Asubuhi hiyo huwa napika chai ya rangi kabla ya jambo lolote.

Vile vyungu vitatu sasa viko ukutani kwangu. Yule dada nimemwambia kimoja ni chake, na vichipukizi vikitokea nitamgongea mlango.