Wagoni Kuukuu: Gari la Kazi au Akiba ya Fedha?

Wapenzi wa magari ya zamani wana hoja moja wanayoipenda sana: nunua stesheni wagoni kubwa, gari refu ambalo paa lake linafika hadi mlango wa nyuma, sasa hivi ingali bei ya chini, itumie miaka kadhaa, kisha iuze kwa faida, kwa sababu magari ya namna ile hayatengenezwi tena. Upande wa pili wapo mafundi na madalali, ambao wakisikia hoja hiyo hutabasamu tu, wakijua mwenye ndoto hiyo hajawahi kulipia kompresa, ile pampu inayojaza springi za hewa. Pande zote mbili zina ushahidi. Kinachowagombanisha ni kwamba kila upande unazungumzia magari tofauti.

Mvuto wenyewe hauna ubishi. Mercedes-Benz E-Class ya muundo wa S211, iliyouzwa kuanzia 2003 hadi 2009, ukilaza siti za nyuma inameza lita 1,950 za mizigo. BMW X5 ya kizazi cha pili, SUV iliyotoka katika miaka hiyohiyo na yenye kimo cha kuwatazama wengine kutoka juu, inaishia lita 1,750. Tena sakafu ya wagoni iko chini, kwa hiyo mashine ya kufulia inasukumwa tu ndani, haiinuliwi hadi kifuani. Uzito ukiwa chini, gari linakata kona bila kuyumba, na kwa injini inayolingana linakunywa mafuta kidogo kuliko SUV. Volvo 740 na 940 zilikwenda mbali zaidi: mgongo wake umesimama wima kama kabati, hivyo nafasi unayoiona sakafuni ndiyo utakayoipata hadi karibu na dari. Wagoni nyingi za baadaye zimeinamishwa kioo cha nyuma ili zipendeze, na ukija na friji ndipo unapogundua urembo ule umegharimu nini.

Mapenzi nayo yana sehemu yake. Mwaka 1994 Volvo iliingiza wagoni ya 850 katika mashindano ya magari ya BTCC nchini Uingereza. Haikushinda mbio hata moja, na mwaka uliofuata timu ikarudi na sedani. Lakini muulize mpenzi wa mashindano hayo anakumbuka Volvo gani. Sedani ndiyo iliyoleta ushindi. Wagoni ndiyo iliyobaki kwenye mabango ya vyumbani. Hisia za namna hiyo zina bei sokoni, ingawa hazimfikii kila mwenye Volvo.

Mbona basi gari lenye sifa zote hizi likaporomoka bei? Jibu la haraka ni kwamba watu walihamia SUV. Ni kweli, ila hawakuhama kwa ladha peke yake. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 iliweka viwango vya matumizi ya mafuta kwa magari madogo, na magari yaliyohesabiwa kuwa malori mepesi yakapewa viwango vyepesi zaidi. Wagoni kubwa ilihesabiwa pamoja na magari madogo. SUV ikaingia upande wa malori. Katikati wakatokea Chrysler na magari yao ya familia ya mwaka 1984, yale ya mlango wa kusukuma pembeni, yaitwayo minivan. General Motors ilifunga ukurasa wa Buick Roadmaster na Chevrolet Caprice mwaka 1996, na kiwanda cha Arlington, Texas, kilichokuwa kikizitengeneza kikageuzwa kuwa cha malori na SUV. Ulaya wagoni ilidumu zaidi kwa sababu makampuni yaliwanunulia wafanyakazi wake gari hilo, na hapo ndipo tatizo la bei lilipozaliwa: gari likimaliza miaka mitatu au minne ya kampuni, linamwagwa sokoni pamoja na maelfu ya wenzake, yote ya rangi ya fedha, yote ya dizeli, yote yametembea sana. Bei haiwezi kusimama.

Kwa hiyo mteremko wa kwanza ni mkali na hauna huruma. Baada ya hapo bei inatulia chini kabisa, na magari mengi yanafia hapohapo. Swali la uwekezaji linahusu machache yanayopanda tena, na nikiyatazama naona makundi mawili tu.

Kundi la kwanza ni yale sahili. Mercedes S123, iliyooneshwa mwaka 1977 na kuingia sokoni mwaka uliofuata, ndiyo wagoni ya kwanza ya Mercedes kutengenezwa kiwandani kwao. Katika familia nzima ya W123 ya magari karibu milioni 2.7, wagoni hazikufika 200,000. Nazo ndizo zilizobeba matofali, mbwa, ngazi na watoto wenye viatu vya matope, wakati sedani nyingi zikiendeshwa taratibu na wastaafu. Zilizosalia zikiwa nzima ni chache mara mbili: zilizaliwa chache, na zikafanyishwa kazi hadi kufa. Ndiyo maana leo wagoni ya S123 iliyotunzwa huuzwa ghali kuliko sedani ya hali ileile, kinyume cha mantiki ya magari mengi. Volvo 240, iliyotengenezwa kuanzia 1974 hadi 1993, imepita njia hiyohiyo.

Kundi la pili ni yale ya kasi. Audi RS2, iliyojengwa kwa ushirikiano na Porsche katikati ya miaka ya 1990, haikufika magari 3,000. BMW M5 Touring ya injini ya silinda kumi, iliyotoka kati ya 2007 na 2010, ilikuwa 1,025 tu. Hayo yalikuwa ghali tangu siku ya kwanza, na mwenye nalo anajua analo nini. Kuyatumia kama ushahidi kwamba wagoni zinapanda bei ni sawa na kutaja mshindi wa bahati nasibu ili kuuza tiketi. Tuyaache.

Kati ya makundi hayo mawili ndipo walipo watu wengi: wagoni za miaka ya 2000, za kifahari, zenye injini nzuri za silinda sita na bei ya kutupa. Hapo ndipo mafundi wana haki ya kutabasamu. Wagoni kubwa inatakiwa ibebe mzigo bila kukaa chini nyuma, na makampuni yalitatua hilo kwa springi za hewa zinazojisawazisha. Ni raha kuziendesha zikiwa mpya. Lakini mfuko wa hewa ni mpira, na mpira unachoka. Ukienda kuangalia gari la namna hii, fika asubuhi kabla halijawashwa, ulitazame kwa ubavu. Nyuma ikiwa imelala kuliko mbele, mfuko unavuja. Muuzaji atawasha, kompresa itanguruma, nyuma itainuka polepole, na atakwambia, “Si unaona, mfumo unafanya kazi.” Unafanya kazi, ndiyo. Kompresa inahangaika kufidia hewa inayotoroka kila siku, na hivyo ndivyo inavyoungua. Ukibadilisha mifuko yote miwili na kompresa, bili inaweza kukaribia bei uliyonunulia gari.

Halafu fungua mlango wa nyuma, ondoa zulia, inua kifuniko cha sakafu. Kwenye wagoni ya BMW 5 Series ya muundo wa E61 kuna vifaa vya umeme vilivyowekwa huko chini, mahali ambapo maji hutuama mirija ya dirisha la paa ikiziba. Waya zinazopita kwenye bawaba za mlango wa nyuma nazo hukunjwa kila unapofungua na kufunga, mpaka zikatike moja moja: leo kioo cha nyuma hakifunguki, kesho taa ya namba haiwaki, keshokutwa loki inajiamulia yenyewe. Hakuna hitilafu hata moja kati ya hizo inayolizuia gari kutembea. Zote pamoja zinatosha kumfanya mnunuzi makini aage kwa heshima. S211 za miaka ya mwanzo zina la kwao pia: breki za SBC za umeme, zenye kitengo kinachohesabu mara ulizokanyaga breki na kutoa onyo hesabu ikifika kikomo.

Nisiwaonee, kwani hata yale sahili yana dhambi zake. Volvo 240 nyingi za miaka ya 1980 zilitoka na waya za injini ambazo ganda lake linamong'onyoka, na ugonjwa huohuo uliipata Mercedes W124 ya miaka ya 1993 hadi 1995. Tofauti ni kwamba waya zile fundi mvumilivu anaweza kuzisuka upya akiwa na mchoro mkononi. Kitengo kinachotaka kompyuta ya kampuni ili kitambuliwe na gari ni habari nyingine.

Hapa ndipo hoja ya kutumia kisha kuuza kwa faida inapojikwaa. Kinachofanya wagoni ipendwe ni kubebeshwa mizigo, na kinachoifanya iwe na bei ni kutobebeshwa. Soko linalipa kwa plastiki za buti zisizo na mikwaruzo, pazia la kufunika mizigo linalorudi lenyewe, siti za safu ya tatu ambazo hakuna mtoto aliyewahi kuzitapikia. Mtu anayenunua ili apate nafasi ya baiskeli nne na hema anachoma mtaji wake kila wikendi. Anayeifungia gereji ili isichakae amenunua lita 1,950 za hewa. Sioni njia ya kupata vyote viwili, isipokuwa kwa yule aliyelipata kwa bei ya chini kabisa, mahali ambapo hakuna pa kuanguka tena, na hata huyo hatapata faida. Atapata matumizi ya bei nafuu. Mimi naona hilo linatosha kabisa.

Kuna na mkono wa serikali. London ilipotanua eneo lake la hewa safi tarehe 29 Agosti 2023 hadi mitaa yote ya jiji, magari ya dizeli yasiyofikia kiwango cha Ulaya cha moshi cha Euro 6 yakawa yanatozwa pauni 12.50 kila siku yanapoendeshwa humo, huku yale ya petroli yakihitaji Euro 4 tu. Kwa uamuzi huo mmoja, ile wagoni ya dizeli iliyokuwa ikisifiwa kwa kula kidogo ikawa mzigo kwa mwenyeji wa jiji, na pacha wake wa petroli, mlevi wa mafuta aliyekuwa hatakiwi na mtu, akapata heshima. Magari ya miaka 40 na kuendelea yana msamaha wake, kwa hiyo S123 za mwanzo zinapita salama. Ya katikati ndiyo yanayobanwa, kama kawaida.

Wanunuzi wapo, tena wenye maneno mengi. Mwaka 2023 Volvo iliacha kuuza wagoni Uingereza, na mwaka uliofuata ikazirudisha V60 na V90. Wateja wa namna hiyo ni wachache ila hawabadiliki, na kwa muuzaji maana yake ni subira: sedani safi inaweza kuondoka wiki hiyohiyo, wakati wagoni inamsubiri mtu wake, ambaye akija atauliza risiti ya kila oili iliyomwagwa.

Gari likikwama katikati, wanaochinja magari kwa ajili ya spea ndio wanaofika na pesa taslimu. Siti za safu ya tatu, wavu wa mizigo, reli za paa, kioo cha nyuma: hivyo sedani haina, na vikiuzwa kimoja kimoja mara nyingi vinazidi bei ya gari zima lenye springi zilizokufa. Kila linalochinjwa linapunguza idadi, na huenda ndivyo hata S211 itakavyokuja kuwa adimu siku moja. Wapo wanaokwepa hatima hiyo kwa kung'oa mfumo wa hewa na kufunga springi za kawaida za chuma. Ukiona tangazo linalotaja hilo, mkusanyaji atalipita, kwa sababu gari halipo tena kama lilivyotoka kiwandani. Mimi ndilo ningelipigia simu la kwanza.