Uasidi ndani ya hamira: moshi wa jiko au la mgambo?

Kwa mnywaji wa ulanzi, pombe ya mwanzi, hapa Iringa, uchachu ndiyo kalenda. Uliogemwa asubuhi ni togwa, mtamu. Ukilala siku mbili tatu umeshakuwa mkangafu. Ukimwambia mnywaji huyo kwamba seli za hamira zilizomo ndani ya mbeta, chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi, hazina uchachu tumboni mwao, atakucheka. Lakini ndivyo ilivyo. Seli inayoogelea kwenye kinywaji chenye pH 4 (pH ni kipimo cha uasidi: ikishuka namba moja, uasidi umepanda mara kumi), maadamu ina sukari, hubaki na pH ya karibu 7 ndani yake, maana yake protoni huru za nje, yaani chembe zinazoleta uasidi, zimekolea mara elfu moja kuliko za ndani. Zinazoingia hutimuliwa na pampu iitwayo Pma1, ambayo hula sehemu kubwa ya nishati ya seli.

Sukari ikiisha, pampu hulegea na pH ya ndani hushuka hadi karibu 6, pengine chini zaidi. Ubishi wa wanabiolojia unaanzia hapo: je, uasidi huo ni matokeo tu ya njaa, au ndio unaoipasha seli habari ya njaa?

Wanaosema ni matokeo tu si watu wa kupuuzwa. Seli tayari ina njia yake ya kupashana habari za sukari, ile ya Ras, saikliki AMP na PKA, molekuli zinazopokezana habari hiyo moja hadi nyingine. Protoni nazo hugusa kila protini, na barua isiyo na anwani itamfikiaje mlengwa? Tena anayeshusha pH kwa makusudi, tuseme kwa kemikali ya dinitrofenoli, hujikuta ameshusha na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, asijue kipi kimefanya kazi. Kwao uasidi ni moshi wa jiko: unaonyesha moto upo, haupiki ugali.

Kisha wanakuja na hesabu yao, ambayo kila nikiirudia inanishangaza upya. Seli yenye ujazo wa femtolita 50 na pH 7 ina protoni huru kama 3,000 tu. Elfu tatu! Pampu za Pma1 zenyewe ni nyingi kuliko hizo. Wajumbe wachache namna hiyo wanaweza kutangaza nini? Mimi hesabu hiyo hunivuta upande wa pili. Protoni huru ni chache kwa sababu nyingine nyingi mno zimeshikwa na protini na fosfeti, tayari kuachiwa. Na pH ikifika 6, zile 3,000 huwa 30,000. Kilicho haba ndicho kinachoonekana kikiongezeka. Kalsiamu huru ndani ya hamira nayo ni haba vivyo hivyo, inakaribiana kabisa na kiwango cha protoni kwenye pH 7, na sijamsikia mtu akiinyima kalsiamu cheo cha mjumbe.

Lakini ushahidi ninaoupenda ni wa mwaka 2010, wa watafiti wa Vancouver, Kanada. Protini Opi1, ambayo huzima jeni za kutengeneza mafuta ya utando, hufungwa nje ya kiini kwa kushikwa na asidi ya fosfatidi, mojawapo ya mafuta ya utando. pH ikishuka, asidi hiyo hupokea protoni, chaji yake hupungua, mshiko unalegea, na Opi1 inaingia kwenye kiini kuzima jeni. Hapo protoni yenyewe ndiyo iliyofungua kamba. Na kuhusu moshi, nyanda za juu tunaujua vizuri: mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya jiko ili moshi uyakinge na dumuzi. Ni taka ya moto, sawa, lakini imepewa kazi.

Hoja ya anwani nayo hainisumbui sana. La mgambo likilia husikika kijiji kizima, na bado mwenye jembe huenda kwa jembe lake na mzee huenda kikaoni. Kinachotofautisha ni masikio: kila molekuli hupokea protoni katika pH yake.

Pale ninapowakubalia wapinzani ni kwenye PKA. Mwaka huohuo wa 2010 watafiti wa Zurich walionyesha kwamba pH huigusa njia hiyo kupitia V-ATPase, pampu ya protoni ya vakuoli, kifuko kilichomo ndani ya seli. Ila pampu hiyo nayo huunganika na kuvunjika kwa kufuata sukari, kwa hiyo kusema kipi kimetangulia ni kazi ngumu. Kwa Opi1 nasema mjumbe bila kusita. Kwa PKA nitasema ni msaidizi wa mjumbe, mpaka atokee mtu atakayeshusha pH bila kugusa ATP wala sukari.